Nani Ana Printa?

Mwezi uliopita nilikuwa kwa mjukuu wangu, mtaa wa Fedha. Nilikuwa nimekaa jikoni namenya vitunguu, naye amesimama karibu na jiko, simu mkononi. Akabonyeza mara moja. Katika chumba cha pili, mlango umefungwa, printa ikaanza kunguruma. Niliweka kisu chini nikapiga makofi.

"Nyanya, umeona panya?" akaniuliza.

"Nimeona zaidi ya panya. Simu yako imejuaje kwamba kuna printa chumba kile?"

Akaitazama simu, akanitazama mimi. "Si inajitokeza tu, Nyanya. Hapa, kwenye skrini."

Inajitokeza! Vijana wangu mnaosomea kompyuta, neno hilo moja lilitutoa jasho wiki tatu nzima, na nusura litutoe kazini. Nimeambiwa siku hizi mnafundishwa jambo hili darasani, kwa michoro yenye mishale mingi, na kwamba wengi wenu mnalikariri tu ili mpite mtihani. Ni jambo tamu mno kwa kukariri tu. Nipeni nafasi niwaonyeshe utamu wake ulipo.

Nilifanya kazi katika kiwanda cha sweta za shule, huku kwetu Eastlands, mwendo wa miguu kutoka Majengo nilikozaliwa. Miaka ya themanini ilipokuwa ikielekea ukingoni tulikuwa na kompyuta tano pale. Ya kwanza ilikuwa ofisini. Ya pili ilikuwa chumbani kwetu, sisi wanawake wanne tulioingiza maagizo ya shule. Ya tatu stoo, ya nne kwenye ukumbi wa cherehani, ya tano upakiaji. Printa ilikuwa moja tu, ya kuchapisha lebo za mabunda, nayo ilikaa stoo ikiwa imeunganishwa na mashine ya tatu. Waya mmoja mweusi ulipita ukutani ukigusa mashine zote tano.

Kupitisha waya ni kazi ya mchana mmoja. Ukishamaliza, mashine zinaweza kupelekeana maneno, lakini hakuna inayojua mwenzake ana nini. Ni kama kuhamia ploti mpya yenye wapangaji wengi usiku: asubuhi unasikia watu kila upande, ila hujui nani ana pasi na nani ana ngazi ya kukuazima.

Sisi tulilitatua jambo hilo kwa njia ya kwanza inayomjia kila mtu: tuliandika jibu. Ndani ya kila mashine kulikuwa na faili ndogo yenye maneno machache: printa iko kwenye mashine ya tatu. Basi. Mashine ya pili ikitaka kuchapisha, inasoma faili yake, inapeleka lebo kwa mashine ya tatu, na mashine ya tatu inaichapa. Tulijiona tumemaliza.

Kisha mvua ikanyesha, na paa la stoo likavuja.

Printa tuliihamishia upakiaji, kwenye mashine ya tano. Mimi nilipewa kazi ya kupita mashine moja baada ya nyingine nikibadilisha ile faili. Nilibadilisha ya ofisini, ya stoo, ya cherehani na ya upakiaji. Nilipofika chumbani kwetu, rafiki yangu Wanjiru alikuwa katikati ya kuingiza agizo refu.

"Zainabu, ngoja nimalize," akasema.

Nikangoja. Nikangoja nikiongea. Tukaongea mpaka saa ya kutoka, nami nikasahau. Kosa hilo ni langu, na nimelisimulia mara nyingi kiasi kwamba sasa nalipenda.

Kwa siku tatu mashine yetu iliendelea kupeleka lebo stoo, kwa mashine ambayo haikuwa na printa tena. Na ile mashine ya stoo, kwa upole wake wote, ilizipokea na kuzihifadhi kwenye diski yake, ikisubiri. Wanjiru alilalamika kwamba lebo hazitoki, akafungua kalamu akaandika kwa mkono. Siku ya nne paa likazibwa, printa ikarudi stoo, na mashine ya tatu ikatapika lebo zote za siku tatu. Wapakiaji waliziona zina joto la printa, wakadhani ni za leo. Wakazibandika kwenye mabunda yaliyokuwa mezani.

Keshokutwa yake mwalimu mkuu wa shule moja ya upili alipiga simu. Meneja wetu, Bwana Kimani, aliishika simu mbali na sikio lake, na sote tulimsikia yule mwalimu vizuri: vijana wake wa Kidato cha Nne walikuwa wamefungua bunda lao na kukuta sweta za chekechea. Mmoja alikuwa amejaribu kuvaa, na sasa haitoki.

Bwana Kimani akaja mlangoni kwetu akining'iniza sweta moja ndogo kwa vidole viwili.

"Mama Salim, hii ni nini?"

"Ni sweta, bwana," nikasema.

"Ya nani?"

Nikamgeukia mwenzangu. Wanjiru alikuwa ameinama chini ya meza kama anayetafuta sindano, mabega yanamtikisika. Nilimkanyaga mguu.

"Nawapa wiki tatu," meneja akasema. "Nitakuja mimi mwenyewe. Nitaichukua printa kwa mikono yangu niipeleke ninakotaka, na sitawaambia ni wapi. Nyinyi mtakaa hapa hapa, mtachapisha lebo moja. Ikitoka pale nilipoiweka printa, sawa. Isipotoka, mashine hizi zinarudi kwa waliotuuzia, chumba hiki kinakuwa stoo ya uzi, na nyinyi wanne..."

Hakumalizia. Wanjiru naye aliacha kucheka.

Ili mwelewe kwa nini aliacha, inabidi niwarudishe nyuma kidogo. Miaka ya sabini, kabla ya skrini, mimi na Wanjiru tulikuwa watoboaji wa kadi. Kila agizo liliandikwa kwa matundu kwenye kadi ngumu, na kadi zikapelekwa mjini kusomwa na mashine kubwa kama kabati tatu. Tulikuwa wanawake wanane. Tulikuwa hodari, jamani! Wanjiru angeweza kutoboa huku akikusimulia harusi nzima ya dada yake, asikosee tundu hata moja. Mkubwa wetu alikuwa mama mmoja mkali aliyetufundisha kupiga mstari wa kalamu kimshazari kwenye ubavu wa kila rundo, ili kadi zikianguka uone mara moja ipi imekosea nafasi. Siku niliyoangusha rundo la kadi mia kadhaa kwenye ngazi, ule mstari ndio uliokausha machozi yangu.

Kompyuta ndogo zilipokuja, wanane tukabaki wanne, na tulibaki kwa sababu moja tu: tulikubali kujifunza. Wanjiru alikuwa na watoto watatu shuleni na mume ambaye kiwanda chake kilikuwa kimefunga milango. Mimi nilikuwa na Salim na dada zake wawili, na baba yao alikuwa ameshafariki. Tulijua vizuri wale wanne wa kwanza walikoelekea. Mmoja nilikuwa nikimwona sokoni Gikomba akipanga mitumba, na kila tulipokutana aliniuliza, "Bado mpo?"

Fundi wetu wa kompyuta aliitwa Ouma, mtu wa Kaloleni, mwembamba, mwepesi wa kuelewa na mwepesi zaidi wa kufurahi. Alinijia asubuhi iliyofuata macho yakimwaka.

"Mama Salim, kosa letu ni kuandika jibu. Kwa nini tuziandikie? Tuziache ziulize."

"Ziulize nani?"

"Zote! Mashine ikitaka printa, iite kwenye waya: nani ana printa? Aliye nayo aitike."

Wazo zuri kama hilo likikufikia mara ya kwanza, unalisikia mpaka tumboni. Ouma aliandika programu kwa siku mbili, mimi nikiwa kando naisoma mstari kwa mstari, kwa sababu mtoboaji wa kadi haachi kosa lipite. Tulipojaribu, Wanjiru alibonyeza, na kwenye skrini yakatokea maneno: mimi, mashine ya tatu.

"Haiya! Imejibu!" Wanjiru akapiga kelele. "Imejibu kama mtu!"

Tulimwita kila aliyekuwa karibu aje kuona. Tuliuliza mara ishirini, na mara ishirini ikajibu. Nilikwenda nyumbani siku hiyo bila kusikia uzito wa miguu.

Siku ya pili mtu wa stoo alichelewa kuja, na mashine yake ilikuwa imezimwa. Ofisi ikaita: nani ana printa? Kimya. Ikaita tena papo hapo. Kimya. Ikaita tena. Sisi nasi tukaita, cherehani nao, upakiaji nao. Programu ya Ouma haikujua kupumzika. Mtu wa stoo alipokuja akawasha mashine yake, ilijaribu kuitika, lakini jibu lake halikupata upenyo. Ilikuwa kama wanawake wanne wamesimama katika ua mmoja wakimwita mtoto mmoja kwa sauti ya juu, na mtoto amesimama hapo hapo akisema "Naam," hakuna anayemsikia.

Andikeni hili mahali: usipojibiwa, nyamaza kidogo kabla ya kuita tena. Usipojibiwa mara ya pili, nyamaza zaidi. Na kila mmoja anyamaze kwa muda wake mwenyewe, kwa sababu mkinyamaza wote muda sawa, mtarudi kuita wote kwa pamoja. Ouma aliongeza mistari sita tu kwenye programu, na ua ukatulia.

Lakini bado hakuridhika. Kila aliyeita aliwasumbua wote, hata wasiohusika. Mashine za wakati ule zilikuwa na akili ya pole pole. Ile ya cherehani ilikuwa ikiganda kila mara mtu alipouliza habari za printa. Ouma akasema, tuweke daftari. Mashine ya kwanza, ile ya ofisini, iwe ndiyo mtunza daftari. Kila mashine ikiwashwa asubuhi ijiandikishe kwake: mimi wa tatu, nina printa; mimi wa tano, nina diski kubwa. Ukitaka kitu unamwuliza mtunza daftari peke yake, kwa sauti ya chini, na wengine wanaendelea na kazi zao.

Siku mbili za amani kamili. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, lebo zikaacha kutoka. Daftari lilisema printa iko kwa mashine ya tatu. Tulikimbilia stoo, mimi na Ouma, tukakuta skrini nyeusi, na pembeni yake birika la umeme linachemka kwa furaha. Wanjiru alikuwa akipanga vikombe.

"Umezima mashine?" Ouma akauliza.

"Sijaizima. Nimechomoa waya tu. Chai ikiwa tayari nitairudisha."

"Wanjiru!"

"Nini? Wewe hunywi?"

Kila siku ya kazi saa nne ilikuwa saa ya chai, na kiwanda kizima kilikuwa na soketi za kuhesabika. Wanjiru alichomeka birika popote palipo karibu na mwenye maziwa. Ouma alitaka tubandike karatasi kwenye kila soketi: marufuku kuchomoa. Nilimwambia, mwanangu, utabandika karatasi kwenye mvua pia? Kwenye umeme ukipotea? Kwenye mtu wa stoo akilala? Mashine haitaaga kabla ya kuzimika. Daftari letu lilikuwa linasema ukweli wa asubuhi, na sisi tulitaka ukweli wa sasa hivi.

"Basi mtunza daftari apite kila mara aulize, bado upo? bado upo?" Ouma akasema.

"Na yeye mwenyewe akichomolewa?"

Akakuna kichwa. Ilikuwa Ijumaa. Wiki mbili zilikuwa zimekwisha, imebaki moja.

Jumamosi nilikuwa Majengo, kwenye maandalizi ya harusi ya binti ya jirani. Tulikuwa wanawake kama kumi uani, tunachagua mchele. Katikati yetu, kwenye kiti chake kifupi, alikaa Shangazi Mwanaidi, dada ya baba yangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mwangalizi wa sufuria.

Kikundi cha akina mama pale kwetu kilikuwa na sufuria nane kubwa za harusi na za matanga, zile ambazo mtoto angeweza kujificha ndani. Hazikuwa na stoo. Ukishazitumia, zinakaa kwako mpaka mwingine azihitaji. Kwa hiyo wakati wowote zilikuwa zimetawanyika, moja Shauri Moyo, mbili Ziwani, nyingine vichochoroni Majengo. Shangazi hakujua kusoma wala kuandika. Lakini mtu akija kuuliza, alijua.

Siku ile akaja mama mmoja anataka sufuria tatu za wiki inayofuata. Shangazi akamjibu bila kuinua macho kwenye ungo. "Mbili ziko Shauri Moyo kwa Bi Rehema. Moja iko Ziwani kwa Mama Hadija. Ile ya kwa Fatuma usiihesabu."

"Mbona Fatuma anayo, Shangazi? Nimeiona kwake jana."

"Jana haikuwa Alhamisi. Alhamisi Fatuma hakuleta neno."

Nimeyasikia maneno hayo tangu nikiwa msichana. Ilikuwa desturi: kila Alhamisi baada ya Alasiri, aliye na sufuria ya kikundi anapita kwa Shangazi, au anatuma mtu, aseme neno moja tu: "Ninayo bado." Nilikuwa nikidhani ni adabu, njia ya kuwafanya watu wamtembelee mama mzima. Siku ile, mikono yangu ikiwa ndani ya mchele, niliyasikia upya.

"Shangazi, kwa nini usimtume mtu kwa Fatuma akaangalie?"

"Nimtume nani? Sufuria ni nane, miguu yangu ni miwili, na mmoja unauma. Mwenye sufuria ndiye mwenye kazi ya kusema. Mimi kazi yangu ni kusahau."

"Kusahau?"

"Ndiyo. Asiyeleta neno, namsahau. Labda sufuria imetoboka, labda ameiazima kwa watu wa mbali, labda amehama. Mimi nitajuaje? Nikimwahidi mama wa bibi harusi sufuria ambayo haipo, wageni watakula ahadi yangu? Fatuma akija Alhamisi ijayo akasema anayo, nitaikumbuka tena. Wala sitamgombeza."

Kina mama walicheka. Mimi nilikuwa nimeacha kuchagua mchele.

"Na ule mwaka ulipolazwa, Shangazi? Bi Rehema alikaa hapa badala yako. Ulimwachia orodha?"

"Orodha ya nini, nami siandiki? Siku za kwanza mtu akitaka sufuria alisimama njiani akaita, wenye nazo wakaitika. Kelele kidogo, lakini watu walipika. Alhamisi ikafika, kila mwenye sufuria akapita kuulizia hali yangu na kusema anayo. Magharibi haijaingia, Rehema alikuwa anazijua zote nane."

Niliruka. Mchele ukamwagika.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Kwa Ouma!"

"Ouma ndiye nani? Anaoa?" akauliza Shangazi, na ua mzima ukaangua kicheko. "Kaa chini, umalize mchele wa watu."

Nikakaa, nikamaliza mchele wa watu. Sijawahi kuchagua mchele kwa kasi namna ile.

Jumatatu nilimkalisha Ouma kwenye kiti nikamweleza habari za sufuria tangu mwanzo. Mwanzoni alitabasamu kama mtu anayemheshimu mama wa watu. Kisha tabasamu likaondoka, akachukua penseli.

"Rudia hapo kwa Alhamisi," akasema.

Tukaanza kazi. Kila mashine ijikague yenyewe: nina printa, na imewashwa? Ikiwa nayo, kila dakika moja imwambie mtunza daftari, ninayo bado. Mtunza daftari asimfuate mtu wala kumwuliza. Dakika tatu zikipita bila neno, afute jina. Kwa nini tatu na si moja? Kwa sababu waya wetu ulikuwa na kikohozi, neno moja likipotea njiani si haki mtu afutwe. Mashine isiyo na printa ikiletewa lebo isizipokee kwa upole wa kijinga, iseme sina. Na mtunza daftari mwenyewe akikaa kimya, basi anayehitaji kitu asimame njiani aite, kwa ule utulivu tuliojifunza. Mtunza daftari akiamka, hana haja ya kukumbuka chochote. Akae tu kitini, dakika moja haitaisha kabla hawajapita wote kumsalimia.

Mnaona utamu wake? Hakuna mtu aliyeagizwa asikosee. Mashine ilikuwa na ruhusa ya kuzimika bila kuaga, mtunza daftari alikuwa na ruhusa ya kuugua, mimi nilikuwa na ruhusa ya kusahau faili, kwa sababu faili hazikuwepo tena. Jumatano tulihamisha printa huku na huko kama watoto wanaocheza kibe na kujificha, na kila mara ilipatikana. Ouma alicheza ngoma peke yake stoo, nami niliongeza vigelegele.

Alhamisi, siku moja kabla ya muda wetu kwisha, Bwana Kimani akaingia.

"Leo," akasema.

Akampa Wanjiru kipande cha karatasi chenye maneno ya kuchapisha. Wanjiru akayasoma kwa sauti: "Sweta ya Kidato cha Nne. Kimo cha mtu mzima." Hakuna aliyethubutu kucheka. Meneja akaenda stoo, akaibeba printa kifuani na waya zake zikiburuzika nyuma, akakataa kusaidiwa, akapotea kwenye korido. "Dakika tano," alituachia. "Kisha mbonyeze."

Tulikaa. Wanjiru hawezi kukaa. Akanong'ona kwamba si vizuri mkubwa aje mpaka kwetu bila kupewa hata chai, akatoka. Mimi nilikuwa nikitazama saa ya ukutani, nikisoma dua chini chini. Dakika tano zikatimia. Nikabonyeza.

Kwa kawaida jibu lilikuja kabla hujainua kidole. Sasa skrini ikaandika: natafuta printa. Ikabaki hapo.

"Ouma?"

Alikuwa amesogea mpaka pua yake inakaribia kioo. "Daftari halijibu," akasema. Akanigeukia. "Halijibu kabisa, Mama Salim."

Nilimwona Salim wangu na sare yake ya shule. Niliiona stoo ya uzi. Mmoja wa wenzetu wawili alikuwa amefunika uso kwa kanga.

"Inaita," Ouma akasema. "Imeanza kuita."

Kimya. Skrini ikanyamaza kidogo, kama tulivyoifundisha. Ikaita tena.

Mimi, mashine ya nne.

Ukumbi wa cherehani! Mahali ambapo printa haikuwahi kukanyaga tangu inunuliwe. Kabla hatujasema neno, tulisikia mlio wa printa kwa mbali, na juu yake vigelegele vya washonaji, ambao hawakujua ni vya nini ila waliona meneja ameinua lebo juu. Nilimkumbatia Ouma nikamwinua, mwembamba yule, miguu ikaning'inia.

Bwana Kimani alirudi, lebo mkononi, akiwa anajaribu kukaza uso. Nyuma yake akaja Wanjiru na trei.

"Chai, bwana."

Ouma aliitazama ile trei. "Wanjiru," akasema pole pole, "umechemshia wapi?"

"Ofisini. Mashine ya tatu sikuigusa, niliahidi."

"Ofisini ulichomoa nini?"

"Ile ya kwanza tu. Ile haifanyi kitu, inakaa tu pale."

Ouma akaketi sakafuni akacheka mpaka akatokwa na machozi. Meneja akauliza kuna nini, nami nikamweleza kwamba mashine inayojua vitu vyote vilipo ilikuwa imezimwa wakati wote wa jaribio lake, ili yeye apate chai, na lebo yake imetoka vile vile. Alinywa mkupuo mmoja. Akafikiri. Akanywa wa pili. Kisha akachukua pini, akaibandika ile lebo kwenye mlango wetu.

"Birika hilo lipewe soketi yake," akasema, akaondoka na kikombe.

Wiki iliyofuata fundi wa umeme alikuja akatoboa ukuta wa chumba chetu, karibu na dirisha. Wanjiru alimsimamia kama mtu anayejengewa nyumba. Hakuna anayetoboa ukuta wa chumba anachotaka kukifunga, na hivyo ndivyo tulivyojua kwamba tumebaki. Tulibaki mpaka tukastaafu, sote wanne.

Shangazi Mwanaidi hatunaye tena. Nilikuwa nimemweleza habari yote, akaniuliza swali moja tu: hizo mashine zenu zinapika nini? Kiti chake kifupi sasa kiko kwangu, na sufuria zimebaki sita. Wanawake vijana wananiletea neno kwa simu, na asiyeleta namsahau bila kinyongo.

Wanjiru anaishi Njiru siku hizi, nyumba ya wanawe, magoti hayamruhusu kuja mjini. Yeye si mtu wa sufuria wala wa kikundi chetu. Lakini Alhamisi, Alasiri ikishapita, simu yangu hulia, na haanzi na habari ya asubuhi wala ya watoto.

"Zainabu, nipo bado."

"Nipo bado, Wanjiru. Na birika?"

"Ninalo," husema. "Linachemka hapa."